Ngege Wasiokufa

Dumu lilikuwa limewekwa nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya kuanikia nguo, na halikunuka petroli. Hilo ndilo lililonitisha. Hapa kwetu Busia, dumu la njano linalopita mlango wa nyuma alfajiri lina maana moja, na kila mtu mtaani anaijua: ni mafuta ya magendo, yamevuka mpaka kwa njia za panya, yanasubiri kumiminwa kwenye chupa na kuuzwa kando ya barabara. Nilikuwa nimerudi kutoka msikitini mapema kuliko kawaida. Niliinama kwa shida, kwa maana paja langu la kushoto lina chuma ndani, nikafungua kifuniko, nikanusa. Matope. Matope na harufu nyingine mbichi ya mtoni. Nikalifunga tena taratibu. Jikoni nikamsikia Rukiyah, mke wangu, akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka ujue kwamba yuko jikoni.

"Umerudi, Baba Nasifa?"

"Nimerudi. Dumu hili la nani?"

"La maji. Nimeazima kwa jirani."

Bomba letu lilikuwa linatoa maji tangu juzi bila kukatika. Niliingia ndani, nikaketi, nikasubiri chai, na nilipoletewa nilimtazama mikono. Pindo la dera lake lilikuwa limelowa mpaka karibu na goti.

Nieleze kwanza mimi ni mtu wa namna gani, nisije nikaonekana mwenye wivu wa bure. Niliendesha malori tangu ndevu zangu hazijaota sawasawa: Mombasa, Malaba, Kampala, na baadaye Juba. Kazi ile ni kazi ya kushuku. Unashuku breki, unashuku daraja, unashuku dizeli ya bei nzuri, unamshuku askari anayekuchekea, na zaidi ya wote unamshuku mtu anayesimama kukusaidia wakati hukumwita. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini nililizunguka lori nikigonga matairi kwa kipande cha bomba, moja baada ya jingine, huku nimetega sikio. Tairi zima lina sauti yake. Lenye ugonjwa nalo lina yake, na ukilizoea huhitaji kuambiwa. Wenzangu walinicheka kwamba nagonga mno. Baadhi yao tumeshawazika.

Kilichoniangusha mimi hakikuwa tairi. Tulikuwa tumeegesha njiani kwenda Juba, nimeliegemea lori langu nakunywa chai, mwenzangu akarudisha lake nyuma bila kutazama. Mtu unashuku dunia nzima, halafu anakubana rafiki uliyekula naye ugali asubuhi ileile. Mguu ulipona, kwa maana ya kwamba haukukatwa. Lakini kukanyaga klachi ya lori basi tena.

Niliporudi nyumbani nililala nikiuelekea ukuta. Mwaka ukapita hivyo. Sikuwa na hasira, na hilo lilimtisha Rukiyah, kwa sababu kwa miaka yote ya ndoa yetu alinijua kwa hasira zangu. Nilikula nilichopewa. Nilijibu nilipoulizwa. Msikitini sikwenda. Kaka zake walikuja kutoka Mumias, wakaketi sebuleni na kuzungumza kwa sauti ya chini habari za dada yao kwenda nyumbani apumzike kidogo, na sote tulijua mapumziko ya namna hiyo huwa hayana mwisho. Niliwasikia kupitia pazia. Nilijiambia, na wamchukue. Yeye ndiye aliyekataa kwenda.

Aliyeniinua ni binti yetu, Nasifa, aliyeolewa Mbale. Alinitumia kwenye simu video ya mtu fulani aliyekuwa akifuga samaki na kulima mboga nyuma ya nyumba yake, vyote pamoja. "Baba," akaniambia, "hii haihitaji miguu miwili." Nilikasirika, kidogo tu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nikaitazama ile video kutafuta uongo uko wapi. Samaki wanaishi ndani ya tangi. Pampu ndogo inapandisha maji yao machafu mpaka kwenye kitalu cha kokoto kilicho juu. Mboga zinapandwa mle bila udongo, zinakula ule uchafu, na maji yanashuka tena kwa samaki yakiwa yamesafika. Samaki anailisha mboga, mboga inamwogesha samaki. Nilisema haiwezekani. Niliitazama tena, na nilipokuja kugundua nilikuwa nimeketi kitako, nimeupa ukuta mgongo.

Basi nikajaribu. Nilipata tangi la plastiki lililokuwa la mafuta ya kupikia, lile la mraba lenye kizimba cha chuma, nikalikata: sehemu ya chini ikawa nyumba ya samaki, ya juu nikaigeuza ikawa kitalu. Pampu ilitumia umeme wa jua. Kokoto nilizichagua mwenyewe. Nilimtuma jamaa yangu mmoja mwenye lori aniletee za Osukuru, kule Tororo, zile nyeupe ambazo akina mama huziponda kando ya barabara na kila mtu amejengea nyumba yake. Hazina udongo wala doa. Niliziosha moja moja nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na Rukiyah akapita akasema hata mahari yake haikuchaguliwa kwa makini namna ile. Jamaa huyohuyo aliniletea vifaranga vya ngege, samaki ambao wengine huwaita perege, kutoka bwawa fulani la huko. Nikapanda sukuma wiki na dodo, ule mchicha wa kwetu.

Kwenye simu niliingia katika kundi la watu wanaojaribu jambo hilo, Wakenya na Waganda. Kundi lile lilikuwa matanga. Kila kulipokucha mtu aliweka picha ya samaki wake wakielea matumbo juu, na wengine wakampa pole. Wenye uzoefu walisema ndivyo ilivyo, anayeanza lazima azike. Maji mapya hayajakomaa, na samaki wa kwanza huwa wanakufa ili uelewe. Nilisubiri wangu wafe. Hawakufa. Wiki zikapita, nikiamka nawakuta wote wanazunguka kwa afya, idadi ileile. Jamaa mmoja wa Kakamega akaniandikia: "Mzee wa Busia, wako hawafi? Hiyo ni baraka ama ni stori tu?" Nikamjibu kwamba ni baraka. Kisha nikazima simu na kubaki nikiitazama baraka hiyo kwa jicho la pembeni.

Maana sukuma zangu zilikuwa na rangi ya njano. Mishipa ya majani ilibaki kijani, lakini nyama ya jani ilikuwa imechujuka kama nguo iliyoanikwa juani muda mrefu. Mambo gani haya, samaki wananawiri na mboga zinaugua, nao wanaishi kwa maji yaleyale?

Halafu kulikuwa na suala la kugonga. Mazoea hayana dawa. Kila asubuhi nilichukua kipande cha bomba nikagonga ukingo wa tangi kabla ya kuwamwagia chakula, na baada ya muda ngege walinijua. Nikigonga, wanapanda juu midomo wazi. Asubuhi moja niligonga, baadhi wakapanda, na baadhi wakatimka kwenda kujificha chini ya bomba la pampu. Nilidhani wameshtushwa na kitu. Siku nyingine ikawa vilevile, na waliotimka walikuwa wengi zaidi. Palikuwa na mmoja mwenye mkia uliong'atwa, niliyempa jina la Jeki kwa sababu alikuwa na tabia ya kuwasukuma wenzake kwa kichwa kutokea chini. Nilimtafuta mpaka macho yakaniuma. Mikia yote ilikuwa mizima.

Samaki haoti mkia ndani ya siku moja. Nikaanza kuichunguza nyumba yangu. Geti letu la nyuma lina komeo ambalo miaka yote lilikuwa likilia ukilivuta, na nilikuwa nimeahidi kulipaka mafuta tangu Nasifa akiwa shule ya msingi. Nililivuta. Kimya. Nikapitisha kidole: grisi, tena grisi yangu, kutoka kwenye kopo langu la lori. Ilikuwa wakati huohuo ambapo Rukiyah alianza kuimba kaswida jikoni. Kwa mwaka mzima hakuwa ameimba. Sasa aliimba akisonga ugali, akiimba alikuwa mzuri, na mimi nilikaa karibu na tangi langu nikijiuliza anamwimbia nani. Mwanamke aliyevumilia mume aliyetazama ukuta mwaka mzima, halafu anapaka grisi komeo la mlango wa nyuma, mtu amfikirie nini?

Ndipo likaja lile dumu. Na siku chache baadaye, Wahabi. Wahabi huuza vipuri vya pikipiki karibu na msikiti, tumejuana tangu ujana, na ni mtu asiyeweza kulala na neno la mwenziwe tumboni. Alinishika mkono baada ya swala ya alasiri, tukasimama kando ya viatu.

"Dereva, mimi sipendi maneno ya watu. Unanijua."

"Nakujua. Sema."

"Huyu kijana ya pikipiki, nakuja kwako asubuhi kufanya nini?"

"Kijana gani?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ya Wahabi ni ghali kuivumilia. "Ee. Kumbe hata hujui. Yeye nakuja na jerikani wakati wewe uko kwa swala. Mama Nasifa nafungua geti yeye mwenyewe. Mara ya kwanza nikasema ni mafuta tu, kila mtu nakula. Lakini watu ya mafuta hawacheki namna ile."

"Wanacheka?"

"Mimi nasema kile nimeona. Lisemwalo lipo, Dereva."

Nilitembea kwenda nyumbani polepole, mguu ukiniuma kuliko siku zote. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyerudi msikitini kwa sababu ya samaki: kuamka kuwatazama kulinifanya niisikie adhana, na kuisikia adhana kukanitia aibu ya kubaki. Rukiyah alifurahi sana siku ya kwanza niliyotoka. Alinitafutia kofia. Alinisindikiza mpaka getini, geti la mbele. Sasa nilijua kwa nini alitaka nitoke. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimefungua nguo mwenyewe.

Siku ile yote nililitafuna neno moja. Katika ukoo wetu talaka haisemwi ovyo; baba yangu aligombana na mama yangu maisha yao yote wala hakuwahi kulitoa neno hilo mdomoni. Lakini lipo, na ni fupi. Nilijua litakavyokwenda. Nitalisema, kaka zake watakuja na gari kutoka Mumias, hawatanitukana hata kidogo kwa sababu watakuwa wamepata walichotaka. Nasifa atalia kwenye simu. Halafu nyumba itakuwa kimya, nami nitarudi ukutani, na safari hii hakutakuwa na mtu wa kukataa kuondoka. Niliyajua hayo yote, na bado niliamua nitalisema, kwa sababu nilikuwa nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu.

Alfajiri iliyofuata nilivaa kofia, nikatoka geti la mbele, nikaburuta mguu mpaka kona ili anisikie ninavyokwenda. Kisha nikazunguka kwa njia ya nyuma, nikajibanza kati ya ukuta na banda la kuku. Kuku waliguna kidogo wakaninyamazia. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Pikipiki ilikuja ikiwa imezimwa, inasukumwa, na geti likafunguliwa bila sauti.

Alikuwa kijana mrefu mwenye gambuti za shambani, dumu limefungwa nyuma kwa mpira. Rukiyah alikuwa amevaa dera lake la kazi na amejifunga leso kiunoni. Walisalimiana kama watu wanaojuana.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, Matayo. Haraka, leo anaweza kurudi mapema. Juzi alinusa dumu."

Matayo akacheka kidogo, kicheko kile ambacho Wahabi alikiona. Akalibeba dumu mpaka kwenye tangi langu. Dumu la safari hii lilikuwa na mdomo uliokatwa kwa kisu ukawa mpana. Rukiyah naye alikuwa ameshika ile chekecheo yetu ya unga, akaipitisha ndani ya maji, akatoa ngege aliyekufa, kisha mwingine. Aliwafunga katika gazeti, akaliweka chini ya mkono. Matayo akainamisha dumu, na samaki hai wakateleza mmoja mmoja ndani ya maji yangu.

"Mama, leo hawa tu. Ile ya size hii imebaki kidogo sana kwa dimbwi yangu kule Masaba. Wengine wamekuwa wakubwa, mzee atajua."

"Atajua. Yule hakosi kujua."

"Sasa mwambie. Mimi nauza samaki, kwangu ni sawa, hata ukitaka kila siku. Lakini maji ya mzee iko na kitu. Wanakufa kila mara. Utamdanganya mpaka lini?"

Rukiyah aliweka wavu wa kufunikia juu ya tangi, akaunyoosha pembe zote kama ninavyofanya mimi.

"Nimwambie nini, Matayo? Kwamba wamekufa? Mwaka mzima alitazama ukuta. Sasa anaamka kabla ya adhana. Anagombana na mimi juu ya chumvi. Wewe leta samaki."

Sitadanganya kwamba nilifurahi. Kwa muda nilitamani kijana yule angekuwa ni kile nilichomdhania. Mwanamume mwingine unaweza kumtoa nyumbani kwako kwa fimbo. Huruma utaitoaje? Zile asubuhi zote nilizosimama pale nikiwagongea, nikijiona mimi Abdunoor bado nina mikono, zilikuwa zimepikwa na mke wangu na mtu wa Masaba. Kundi zima la simu lilikuwa likizika kwa uaminifu, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikilelewa. Lile neno lilikuwa bado liko mdomoni, tayari, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Wakaondoka, mmoja kwa geti na mwingine kwa jikoni. Nilibaki na kuku mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikazunguka tena, nikaingia kwa mbele nikikohoa kwa nguvu.

"Leo umechelewa," akasema Rukiyah.

"Imamu amesoma sura ndefu."

Akaniletea chai. Nikainywa. Nikamwambia chumvi ya mayai imezidi, naye akasema haijazidi, na nikaona jinsi uso wake ulivyotulia tulipoanza kubishana. Nilitaka kumchukia na sikuweza, na nilitaka kumshukuru na hilo nalo lilinishinda.

Sikumwambia kitu. Nilichofanya ni kubadilisha ninachoshuku. Watu nilikuwa nimewamaliza. Sasa nikashuku vitu. Nilishuku chakula cha samaki, nikabadilisha. Nilishuku pampu, nikaifungua yote mezani na kuifunga tena. Nilishuku maji ya bomba na dawa yake, nikaanza kuyaacha juani kwanza kabla ya kuyatumia. Nilipomaliza nikauliza kundi la simu kuhusu zile sukuma za njano, na yule jamaa wa Kakamega, aliyekuwa amezika samaki wengi mpaka akapata elimu, akaniandikia swali moja tu: "Kokoto zako ni za wapi?" Nikamwandikia kwa majivuno. Akajibu: "Kamulia ndimu juu yake."

Nilichukua jiwe moja, jeupe, safi, lile nililoliosha kwa mkono wangu. Nikalikamulia ndimu. Likatoa povu, likachemka kwa sauti ndogo palepale kiganjani mwangu.

Lilikuwa jiwe la chokaa. Ndilo linalosagwa likawa saruji, na pande za Tororo nyumba nyingi zimesimama juu yake, misikiti, makanisa, shule. Nani atalishuku jiwe ambalo babu yake amezikwa chini yake? Lakini ndani ya maji huwa linatoa chokaa polepole, maji yanageuka, mboga zinashindwa kula, na mkojo wa samaki unakuwa sumu kali kuliko ilivyopaswa. Nilikuwa nimewashuku mke wangu, kijana wa Masaba na hata kuku, na muda wote sumu ilikuwa pale juu, naipitishia maji usiku na mchana kwa pampu ya jua na betri yake.

Nilianza kuzitoa siku hiyohiyo, bakuli kwa bakuli. Rukiyah alisimama mlangoni mwa jikoni akifuta mikono, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na jicho la pembeni.

"Kuna nini?"

"Mawe."

"Mawe yamefanya nini?"

"Nayashuku."

"Baba Nasifa, wewe siku hizi unashuku mpaka mawe?"

"Yamekosa la kujitetea," nikasema.

Akaja, akajifunga leso, akaanza kuzoa upande wa pili. Yule jamaa wa lori akaniletea vipande vya matofali ya kuchoma vilivyobaki kwenye tanuri huko Iyolwa. Nilivikamulia ndimu mpaka mikono ikawasha, havikutoa povu. Tukajaza kitalu upya, tukabadilisha maji kidogo kidogo, tukapanda miche mipya.

Kwa majuma yaliyofuata nilikwenda msikitini kwa njia ndefu na kurudi kwa njia ndefu zaidi, ili kumpa Rukiyah nafasi. Mguu ukazoea. Wahabi aliniuliza kama nimeshughulikia lile jambo, nikamwambia nimelishughulikia, na akasikitika kwamba sikumpa maelezo. Dumu liliendelea kuja, kisha likaja kwa nadra. Nilijua kwa kutazama ardhi iliyolowa chini ya kamba ya nguo. Sukuma zikaanza kuwa kijani kutoka katikati kwenda nje. Na nikigonga, hata wale wa Matayo walikuwa wakipanda.

Ikafika Ijumaa moja. Nilitoka nje nikiwa bado sijatawadha, nikamkuta ngege mmoja yuko chini kando ya tangi, amelala kwenye vumbi. Wavu ulikuwa wazi pembeni. Mimi ndiye niliyeuacha hivyo jioni nilipokuwa nasafisha pampu. Aliruka akaanguka, basi. Nilimwokota, bado alikuwa na unyevu chini ya mapezi, na macho yake yalikuwa angavu. Hapakuwa na ugonjwa wowote juu yake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika samaki wangu aliyekufa.

Ningeweza kumficha. Nilifikiria hilo, nasema kweli. Badala yake nikaita.

"Mama Nasifa, njoo."

Akatoka na mwiko mkononi. Akaniona nilivyosimama, akaona kilicho mkononi mwangu, uso ukamwisha damu. Alitazama geti la nyuma haraka kisha akanitazama mimi.

"Amekufa," nikasema. "Aliruka. Niliacha wavu wazi."

"Pole. Lakini ni mmoja tu, Baba Nasifa, hawa wengine wote..."

"Mpigie Matayo. Mwambie leo asije."

Mwiko ulibaki hewani. Niliwasikia madereva wa malori kule barabarani wakipiga honi za foleni, na ndani ya tangi maji yakianguka kutoka kitaluni. Rukiyah alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye beseni lililopinduliwa.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema nagombana juu ya chumvi."

Akahesabu moyoni, akaelewa nilikuwa wapi. "Kwenye banda la kuku," akasema. "Na mguu ule."

"Nilikuwa na neno mdomoni siku ile, Rukiyah. Nilikuja kukuambia."

Jina lake sikuwa nimeliita kwa miaka mingi, tangu alipokuwa Mama Nasifa. Hakuuliza ni neno gani. Aliutazama mwiko wake, akakwangua unga uliokaukia kwa kucha.

"Nilijua unanishuku," akasema. "Ulivyonusa lile dumu. Ulivyokuwa unanitazama pindo. Nilisema moyoni, na anishuku. Mwaka mzima hukunishuku kwa lolote. Ningeweza kutoka nikarudi kesho yake usiniulize nilikuwa wapi. Nilipoona umeanza kunichunguza, niliingia jikoni nikalia kwa furaha."

Nilisimama nimemshika samaki, nikamtazama Rukiyah, naye hakugeuka pembeni. Mwishowe nikamuuliza nilichokuwa nikitaka kujua kwa muda mrefu.

"Huyu ni wangu au ni wa Matayo?"

Alisimama, akamchukua kutoka mkononi mwangu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Wa Matayo hawana huu weusi mgongoni. Huyu ni wako," akasema. "Kati ya wako, alikuwa amebaki peke yake."

Samaki hahitaji kuchinjwa, na yule alikuwa amekufa bila ugonjwa. Rukiyah alimpara magamba palepale kwenye beseni, akaenda kumkaanga.

Niliporudi kutoka swala ya Ijumaa chakula kilikuwa tayari. Tangu nilipotoka hospitali Rukiyah alikuwa na mtindo wake: kila samaki aliyeingia nyumbani alimchambua kwanza jikoni, akatoa mwiba mmoja mmoja, akaniletea minofu mitupu kwenye sahani, chakula cha mtoto mdogo. Sikumwomba afanye hivyo wala sikumkataza. Siku ile aliweka sahani mbele yangu na ngege alikuwa mzima, kutoka kichwani mpaka mkiani, amekaangwa akakauka, na kando yake ugali na sukuma wiki. Akanawa mikono, akaketi, akaanza kula mboga zake bila kunitazama.

Ngege alikuwa mdogo, miiba mingi kuliko nyama. Nilikula polepole. Mwiba mmoja ukanikwama kooni, nikakohoa, macho yakajaa machozi, na Rukiyah akaniona. Hakunyanyuka. Nikafinyanga tonge kubwa la ugali, nikalimeza bila kulitafuna, na mwiba ukashuka.